Je, Wajua? Herufi Moja ya Jina la Mtoto

Sogea hapa barazani, nafasi ipo. Mdogo wangu kajifungua mtoto wa kike, na jina halina ubishi: atachukua la bibi yetu mzaa mama. Ubishi uko kwenye kuliandika. Hadija au Khadija? Nyumba nzima imegawanyika kwa ajili ya K moja, nami katika kupekua nimeokota mambo yanayonifanya nitabasamu peke yangu njiani. Siwezi kukaa nayo. Chukua kahawa yako, tuanze.

Je, wajua kwamba Kiarabu kina herufi 3 pale ambapo wengi wetu tuna H moja tu? Kuna H ya Haruni, kuna H ya Hasani, na kuna H ya Hamisi, kila moja na umbo lake na mahali pake kooni. Bara tumezimimina zote tatu kwenye kikapu kimoja; Unguja na Pemba wengi wameing'ang'ania ile ya tatu kwa KH. Ndiyo maana Hamisi wa Tabora akivuka bahari anakutana na Khamis.

Na huyo Hamisi amebeba namba mgongoni, ulijua? Jina lake ni la siku ya tano kwa hesabu ya Waarabu, Alhamisi. Sasa hesabu wiki yetu kwa vidole: Jumatano nayo ni tano! Wiki moja ina siku 2 za tano, moja kwa Kibantu na nyingine kwa Kiarabu, na zimefuatana kama pacha.

Khadija lenyewe, kwa maana yake ya asili ya Kiarabu, ni mtoto aliyezaliwa kabla ya siku zake. Naam, mtoto njiti! Wetu kazaliwa kwa wakati wake na mashavu yamejaa, lakini hilo halijampunguzia hata chembe ya jina.

Tega sikio: Asha na maisha ni ndugu wa damu. Aisha ni neno la Kiarabu la mwenye kuishi, na kutoka mzizi huo huo Kiswahili kimechuma kuishi na maisha. Waturuki wanamwandika Ayşe, Senegali ni Aïssatou, pwani yetu ni Asha, Aisha na Mwanaisha. Kila ukimwita Asha aje ale, umeuita uhai mezani.

Fatuma je? Unguja huandikwa Fatma, bara Fatuma, Afrika Magharibi Fatoumata na kwa mkato Fatou. Shangaa na hili: Ureno kuna mji unaoitwa Fátima, na tangu mwaka 1917 Wakatoliki huuendea kwa ajili ya Bikira Maria. Mama Mkatoliki wa Moshi anayemwita mwanawe Fatima na mama Mwislamu wa Lamu anayemwita wake Fatuma wamechota kisima kimoja.

Ulishawahi kujiuliza kwa nini Shaaban ana A mbili? Kiarabu kina sauti ya kooni iitwayo aini, ambayo Kiswahili hakina. Ilipodondoka njiani, mara nyingi iliacha A mbili nyuma yake kama nyayo mchangani: saa, baada, maana, Ijumaa, Saada. Shaaban Robert, aliyezaliwa 1909 na kufariki 1962, alibaki nazo zote mbili kwenye jina lake mpaka mwisho. Ukiandika Shabani hujakosea, lakini nyayo umezifuta.

Tuendelee na nyayo hizo hizo. Saidi, Saada, Saad na Masoud ni watoto wa mzizi mmoja wa Kiarabu, wa heri na bahati njema. Na kwenye mzizi huo huo ndiko yalikochipukia msaada na kusaidia! Kumbe jirani yako Saidi akikusaidia kubeba ndoo, anatenda jina lake.

Hapo hapo, shika na hii. Sultani wa Omani aliyehamishia makao yake Unguja aliitwa Seyyid Said, na sikio la Mswahili husikia jina moja limetajwa mara mbili. Kwa Kiarabu ni maneno mawili yasiyo na undugu: la kwanza ni bwana mkubwa, la pili ni mwenye heri. Herufi chache tu zinatenganisha cheo na jina.

Uthman ana silabi 2. Akishuka jahazini pwani yetu anakuwa Athumani, silabi 4! Kiswahili hakipendi neno liishe mdomo ukiwa umefungwa, kwa hiyo Salim hupewa u, Said hupewa i, Rajab hupewa u. Abu Bakr naye akaunganishwa, akapunguzwa mbele, akaongezwa nyuma, akatoka Bakari. Mimi husikia muziki hapo.

Ramadhani wa Tanga na Ramazani wa Kisangani ni mwezi mmoja. Herufi ya Kiarabu iliyo katikati ya jina hilo ni ngumu hata kwa wageni wanaojifunza lugha hiyo darasani, basi kila nchi imeitafuna kwa meno yake. Waturuki na Waajemi nao walichagua Z.

Sasa ukae vizuri. Je, wajua kwamba Kiswahili kilikwisha kuandikwa kwa herufi za Kiarabu muda mrefu kabla shule za herufi za Kirumi hazijafunguliwa? Utendi wa Tambuka una hati ya mwaka 1728, ya huko Pate. Lakini palikuwa na kasoro moja: alama za irabu fupi za Kiarabu ni 3 tu, na sisi tuna irabu 5! E na I zilivaa alama moja, O na U zilivaa alama moja, ikawa Omari na Umari huwezi kuwatofautisha mpaka umjue mwenyewe.

Mmoja wa wanazuoni wa Mombasa waliohangaika kuzirekebisha herufi hizo zitoshe sauti za Kimvita aliitwa nani? Mwalimu Sikujua! Alifariki mwaka 1890. Mtu aliyejua kuliko wengi wa zama zake, na wazazi wake walimpa jina la Sikujua. Jina hilo bado lipo pwani, pamoja na Sikudhani, Tabu, Mashaka na Siwatu. Kila moja ni habari ya siku ile mtoto alipoingia duniani.

Wajerumani walipoandika mlima wetu, walihitaji herufi 14: Kilimandscharo. Sisi tunamaliza kwa 11. Ile NJ ndogo ya Kiswahili iliwatafuna herufi 5, na kwa mtindo huo Juma angeandikwa Dschuma! Kitabu cha Mtoro bin Mwinyi Bakari kuhusu desturi zetu, kilichochapwa Ujerumani mwaka 1903, kina neno Wasuaheli kwenye jina lake, kwa UA na E.

Nani basi aliamua kwamba Juma ni J na Chausiku ni CH? Mwaka 1928 ulifanyika mkutano Mombasa, Kiunguja kikachaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Mwaka 1930 ikaundwa Kamati ya Lugha ya Kiswahili ya Afrika Mashariki kusimamia kazi hiyo. Q na X hazikupata kiti, ndipo Qasim akageuka Kasimu na Siddiq akageuka Sidiki.

Lakini vuka mpaka tu uone! Wasomali walipochukua rasmi herufi za Kirumi mwaka 1972, waliipa X sauti ya H nzito, na C wakaipa ile aini iliyotukimbia sisi. Kwa hiyo Ali ni Cali, Omari ni Cumar, Hasani ni Xasan, na Muhammad ni Maxamed. Mwalimu wa Garissa anayeita majina asubuhi lazima awe na masikio mawili na macho manne.

Nani kakwambia majina ya Biblia ya Kiswahili yametoka Ulaya? Fungua ile ya Union Version ya mwaka 1952: Ibrahimu, Yusufu, Musa, Haruni, Daudi, Sulemani, Ayubu. Hayo ni maumbo yale yale ambayo Mwislamu wa jirani amempa mwanawe. Kanisani na msikitini, kijana anaitwa Musa kwa herufi 4 zile zile.

Mwanahamisi, Mwanaidi, Mwanaasha: ile Mwana ya mbele ilikuwa heshima, kama kusema bibi mwenye hadhi. Mwana Kupona wa Pate, aliyemtungia binti yake utendi mwaka 1858, aliandikwa kwa maneno mawili. Miaka ikapita, heshima ikagandana na jina, na Mwanajuma akafupishwa kuwa Mwajuma. Wanaume nao walikuwa na Mwinyi, na mpaka leo ni jina la ukoo unalolifahamu vizuri. Ukitaka kumrudishia binti yako hadhi ya zamani, mwandike Mwana Asha kwa nafasi katikati, utaona watu wanavyonyooka wakimwita.

Siti binti Saad hakuzaliwa Siti. Jina lake la kwanza lilikuwa Mtumwa! Siti ni bibi wa heshima, na alilipata kwa sauti yake, sauti iliyompeleka Bombay kurekodiwa mwaka 1928. Herufi 6 za unyonge zikaondoka, zikaja 4 za enzi.

Pacha wa kwanza Usukumani ni Kulwa, wa pili ni Doto. Lakini kitabu cha mwandishi Farsy cha mwaka 1960 kuhusu maisha ya kijiji cha Unguja kinaitwa Kurwa na Doto, kwa R! Na ukipita ofisini leo utakuta Dotto mwenye T mbili. L na R kwetu ni majirani wanaoazimana chumvi, Wahaya wanajua: Rweyemamu na Lweyemamu ni ukoo mmoja.

Twende Kenya kidogo, huko ndiko utamu ulikojaa. Kiswahili kina irabu 5, Gĩkũyũ ina 7! Zile mbili za ziada huvishwa kikofia cha mawimbi, ĩ na ũ, na ni sauti kamili zinazobadilisha maana. Kwa hiyo Wanjikũ, Wangarĩ, Wambũi na Mũthoni zikiandikwa bila kikofia zimevuliwa kilemba hadharani.

Mwandishi mkubwa wa Kenya alitoa riwaya zake tatu za kwanza, za mwaka 1964, 1965 na 1967, kwa jina la James Ngugi. Ulijua hilo? Baadaye akaliweka James pembeni, na baadaye zaidi vikofia vikarudi mahali pake: Ngũgĩ wa Thiong'o. Alipofariki Mei 2025, akiwa na miaka 87, dunia nzima ilikuwa imejifunza kuandika ũ kwa ajili yake.

Herufi C ya Gĩkũyũ inasomwa karibu na SH. Mama akiandika Wangeci, bibi anasikia Wangeshi. Karani wa Dar es Salaam anasoma Wangeki, na wengine wameamua kuandika Wangechi moja kwa moja. Binti mmoja, majina matatu, na hajatoka kitandani.

Na kwa nini jambo hili linawauma sana? Kwa sababu mtoto wa kwanza wa kiume wa Mkikuyu huitwa jina la babu mzaa baba, wa pili la babu mzaa mama; wa kwanza wa kike la bibi mzaa baba, wa pili la bibi mzaa mama. Jina halichaguliwi, linarudi nyumbani. Ukikosea herufi, umemkosea bibi aliyekaa pale kwenye kigoda anakutazama.

Sasa ile ninayoipenda kuliko zote. Wangari Maathai aliolewa na mtu wa jina la Mathai, lenye A moja mwanzoni. Ndoa ikavunjika mwaka 1979, na mume akataka aliache jina lake. Mama yule akafikiri, akachukua kalamu, akaongeza A moja: Maathai. Basi! Likawa jina lake mwenyewe, halidaiwi na mtu. Mwaka 2004 Kamati ya Nobel ilipomtangaza mwanamke wa kwanza wa Afrika kupata tuzo ya amani, ilimtangaza kwa A mbili. Hebu itazame tena hiyo A. Haijawahi kuzaliwa herufi yenye kiburi kizuri namna ile.

Kwa Wajaluo, herufi moja tu ndiyo humtenga kaka na dada. Otieno na Atieno wamezaliwa usiku, Okinyi na Akinyi asubuhi, Odhiambo na Adhiambo jioni, Okoth na Akoth mvua ikinyesha. O ni mvulana, A ni msichana, umemaliza. Wakalenjin nao wana Kiprono na Cherono, waliozaliwa mbuzi wakirudi zizini, na yule bingwa aliyekimbia marathoni kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40 kule Vienna mwaka 2019, Kipchoge, ana ghala la nafaka ndani ya jina lake.

Ochieng' ana kipele mwishoni, umekiona? Ile alama ndogo ya ng' ndiyo inayofanya ng'ombe asiwe ngombe. Ng'ang'a anazo 2. Sasa fungua pasi ya kusafiria, tazama mistari miwili ya chini inayosomwa na mashine: kila mstari una nafasi 44, jumla 88, na zinazoruhusiwa ni A mpaka Z, tarakimu na alama ya mshale tu. Vipele vinafutwa, vikofia vinafutwa. Ng'ang'a anapita uwanja wa ndege akiwa NGANGA, na Mũthoni anapita akiwa MUTHONI, kisha nje ya geti wanavaa herufi zao tena.

Waganda hufungua jina kwa konsonanti 2 zinazofanana, na wala hawajakosea. Ssalongo ni baba wa pacha, Nnalongo ni mama wa pacha, na anayezaliwa baada ya pacha ni Kizza. Msafiri Stanley alipofika kwa Kabaka, mfalme wa Buganda, mwaka 1875 alimwandika Mtesa. Waganda wenyewe wanamwandika Muteesa. Ukimwandika kwa E mbili umemsikia, ukimwandika kwa moja umemsoma.

Rwanda na Burundi, kwa mila, ndugu watano wa tumbo moja wanaweza kuwa na majina matano yasiyofanana hata herufi. Kila mtoto hupewa lake na hakuna la ukoo la kuburutwa. Na Rwanda wanalipenda jambo hili kiasi kwamba tangu mwaka 2005 hufanya sherehe ya kuwapa majina sokwe wa milimani: Kwita Izina, yaani kutoa jina.

Tshombe, Tshisekedi: ile TSH ya Kongo ni CH yetu tu, imevalishwa koti la Kibelgiji. Na mwaka 1972 Rais Mobutu wa huko alipoagiza kila mtu aache jina la Ulaya, mwenyewe aliacha Joseph-Désiré akawa Mobutu Sese Seko. Nchi nzima ikatafuta majina ya babu.

Barack ni Baraka! Usicheke, ni kweli. Babu yake Obama alikuwa Hussein Onyango, Mjaluo aliyesilimu, na mwanawe akampa jina hilo la Kiarabu ambalo sisi tunaliandika Baraka, Mbaraka, Mubaraka. Limefika Ikulu ya Marekani likiwa na CK mwishoni.

Huko huko Marekani, sikukuu ya Kwanzaa ilianza mwaka 1966, na jina limetoka kwenye kwanza ya Kiswahili. Mbona lina A ya ziada? Palikuwa na watoto 7 kwenye sherehe ile ya mwanzo, kila mmoja alitakiwa asimame na herufi yake, na kwanza ina 6 tu. Wakaongeza A ili mtoto wa saba asibaki mikono mitupu. Tangu hapo Nia na Imani yamekuwa majina ya mabinti wengi wa Kimarekani weusi, na Zuri pia, bila ngeli yoyote mbele yake.

Dunia ni pana, chukua hizi za haraka. Ireland kuna jina la kike linaloandikwa Saoirse, na maana yake ni uhuru. Niamh husomwa Niiv, kwa sababu MH yao ni V. Iceland ina kamati ya majina tangu 1991, na alfabeti yao haina C, Q, W wala Z. Mtazame Zuwena wetu: herufi 2 kati ya 6 zimegoma mlangoni!

Ufaransa mwaka 2017 wazazi wa Bretagne walimpa mtoto wao jina la Kibretoni lenye ñ, msajili akagoma. Kesi ikaenda mpaka 2019, na kile kimstari kikabaki juu ya N yake. Mahakama ngapi, kwa kimstari kisichozidi punje ya ufuta!

Hawaii ilikuwa na sheria tangu mwaka 1860 iliyomtaka kila mtoto apewe jina la kwanza la Kikristo. Ilifutwa lini? 1967! Bibi za watu wameishi na jina la nyumbani na jina la karatasini kwa zaidi ya miaka 100.

Indonesia ilibadili OE kuwa U mwaka 1947. Rais wao wa kwanza akawa Sukarno kwenye magazeti, lakini saini yake ilibaki Soekarno. Mkono ulikuwa umeshazoea.

Uingereza na Wales, mwaka 2023, jina lililoongoza kwa watoto wa kiume lilikuwa Muhammad: watoto 4,661 kwa tahajia hiyo moja tu. Mohammed na Mohammad zilihesabiwa mbali, na zote mbili nazo zilikuwa ndani ya 100 bora. Mtume mmoja, viti vitatu.

Na kama bado unaogopa kukosea, jua hili. Saini za Shakespeare zilizobaki ni 6, na hakuna hata moja iliyoandikwa Shakespeare kama tunavyoiandika sisi.

Kiswahili kina neno la mtu unayeshiriki naye jina: somo, na wengine husema wajina. Ukikutana na somo yako safarini, kiti utapewa na maji utaletewa. Nilimuuliza shangazi kama Hadija na Khadija ni masomo, akaniangalia kwa mshangao: "We mwanangu, kwani wanaitwa kwa kalamu au kwa mdomo?"

Lakini kalamu nayo ina neno lake, shangazi. Bibi alituachia bahasha yenye karatasi 3. Kadi ya kliniki inasema Hatija. Cheti cha ndoa kinasema Khadija. Kitambulisho cha kupigia kura kinasema Hadija. Mwanamke mmoja, na ilipofika siku ya mirathi ya kiwanja tulilazimika kwenda kwa wakili kula kiapo kwamba hao watatu ni yeye.

Ndipo jana mdogo wangu akasema tuufungue msahafu wake. Ukurasa wa mwisho, ule mtupu, bibi aliandika majina ya watoto wake kwa wino mweusi, na juu kabisa la kwake, kwa mkono wake, kwa herufi za Kiarabu alizofundishwa chuoni. Sasa, je, wajua kwamba Khadija kwa herufi hizo lina herufi 5 na nukta 6? Herufi ya kwanza na ya nne zina umbo moja lile lile, tumbo kama la kikombe: ukiweka nukta juu ni KH, ukiweka nukta chini ni J, usipoweka kitu ni H.

Kumbe ubishi wote wa nyumba yetu ni nukta 1.

Bibi aliiweka. Imekolea kuliko zile zingine tano, kama mtu aliyerudia kuikandamiza ili isipotee. Mdogo wangu akaipitisha kidole, mtoto amelala mapajani, akavuta fomu ya cheti cha kuzaliwa, akaandika K.